Mimi Si Kochi

"Kovu!" nesi aliita kutoka mlangoni. "Kovu aingie, wengine wasubiri."

Kwenye benchi walikaa wanawake watatu, wote wajawazito. Aliyeinuka alikuwa msusi wa nywele, mwembamba, mwenye vidole vilivyokuwa vigumu kwenye ncha kwa kazi ya miaka mingi. Mtaani kwake kila mtu, hata mumewe, alimwita Msusi. Hapa hospitalini aliitwa Kovu, kama alivyoitwa kila mwanamke aliyewahi kujifungua kwa kupasuliwa. Manesi hawakuwa na nia mbaya. Wodi ilikuwa imejaa, na jina hilo liliwaonyesha upesi nani ni wa chumba cha upasuaji na nani ni wa kusukuma. Lakini kila alipoliitikia, Msusi alijisikia kama ameingia na tumbo tu, kichwa amekiacha nje.

Mle ndani alikuta mambo yameshamalizika. Daktari mkuu, mzee mwenye mikono misafi sana, alikuwa akifunika kalamu yake. Mumewe, fundi wa makochi, alikaa ukingoni mwa kiti huku amekumbatia kofia yake.

"Tumeshaongea na baba," daktari alisema. "Ijumaa asubuhi uje hujala kitu. Tutakufungua palepale pa zamani, tumtoe, tufunge. Kazi fupi."

Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Wiki iliyopita kipimo cha picha kilionyesha kwamba mtoto hana mfupa wa juu wa kichwa. Kipimo kilirudiwa, daktari mwingine akaitwa, na wote wakasema neno moja: hataishi, hata akifikishwa miezi tisa. Msusi alilia mpaka macho yakavimba. Alipomaliza kulia alisema basi. Hangeweza kuendelea kusuka huku wateja wakimpapasa tumbo na kumuuliza atampa jina gani. Madaktari walikubaliana naye kwamba mimba itolewe. Uamuzi huo alikuwa ameufanya mwenyewe, na ulimwachia moyo kama nyumba iliyohamwa. Kilichobaki ni itolewe vipi, na alidhani hilo nalo ataulizwa.

"Hakuna njia nyingine?" alisema.

"Kwa mwenye kovu? Hapa tunapasua, mama. Na baba ameshakubali."

Msusi alimtazama mumewe. Fundi alikuwa akiitazama kalenda ya ukutani kama kitambaa anachotaka kukipima.

Barazani kwao walikuwa na kazi mbili kwenye sakafu moja. Upande wa kulia ulikuwa wa Fundi: mbao, sponji, misumari midogo ambayo aliishika kwa meno, na makochi ya watu yaliyovuliwa nguo. Upande wa kushoto ulikuwa wa Msusi: kigoda, kioo chenye ufa na kikapu cha nywele bandia. Ndani ya nyumba hapakuwa na kochi hata moja. Fundi alikuwa akiahidi tangu walipooana, na kipande cha mahameli ya kijani alichokitenga kwa ajili hiyo kilikuwa bado kimekunjwa juu ya kabati.

Msusi alingoja mtoto wao wa kike aende kucheza kwa jirani ndipo akamsogelea mumewe.

"Alikuuliza nini?"

"Nani?"

"Usinizungushe. Daktari."

Fundi alitema misumari kiganjani. "Aliniuliza kama naelewa hatari ya mshono. Nikamwambia naielewa, ndiyo kazi yangu. Kitambaa kilichowahi kushonwa ukikivuta kwa nguvu kinafumukia kwenye mshono. Hakifumukii pengine. Kwa hiyo hukivuti. Unachukua wembe, unafumua mwenyewe taratibu, halafu unashona upya. Nikamwambia, daktari, fungueni."

"Ukamwambia hivyo."

"Akasema, baba, wewe umeelewa kuliko wengi."

Sauti yake ilikuwa na fahari kidogo, kisha akaisikia mwenyewe na kuinamisha macho.

"Mimi si kochi," Msusi alisema.

"Sijasema wewe ni—"

"Kochi haliumwi. Kochi halilali chali miezi miwili kidonda kinatoa usaha. Kochi halioshwi na mama mkwe ameziba pua."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo. Hakuwa mtu wa kusikia jambo akajifanya hakusikia. "Hilo la pua umeliweka miaka yote minne?"

"Nimeliweka pamoja na lile jingine, mama."

"Lipi tena?"

"Siku ile wageni walipokuja kumwona mtoto. Uliwaambia, mkwe wangu huyu hakuzaa, alipakuliwa."

Beseni likashuka polepole hadi sakafuni. "Nilikuwa natania."

"Najua. Walicheka wote. Mimi pia nilicheka, na kila nilipocheka mshono uliuma."

Fundi aliokota nyundo, akaiweka chini tena. Moyoni mwake hakuwa na fahari yoyote. Alikuwa na picha moja tu, ya mkewe akiwa mweupe kama chaki juu ya kitanda cha magurudumu siku alipozaliwa binti yao, na alikuwa tayari kumwambia daktari yeyote ndiyo kwa lolote, mradi asiione picha ile tena. Lakini hakujua namna ya kulisema hilo bila kulia, na mama yake alikuwa palepale.

"Basi unataka nini?" aliuliza.

"Nataka kuulizwa."

Kesho yake asubuhi mteja alikuwa mwenye duka la pembeni, mwanamke mnene mwenye nywele nyingi na habari nyingi zaidi. Msusi alifika katikati ya kichwa, akasimama, akachomeka kitana kwenye upande uliobaki.

"Narudi."

"Unarudi wapi? Msusi! Na nusu hii nitawaambia watu nini?"

"Waambie ni mtindo mpya."

Hospitalini alimkuta daktari kijana, yule wa kike aliyefanya kile kipimo cha kwanza cha picha, akila mkate juu ya meza yake. Daktari alitaka kuufunika mkate. Msusi alimwambia aendelee, hata yeye hula akiwa kazini, na chakula chake huingia hata nywele.

"Nataka unieleze njia zote," alisema. "Usinichagulie."

Daktari kijana alifuta vidole. "Zipo tatu. Ya kwanza ni vidonge. Vinaleta uchungu, mfuko wa uzazi unajikaza, mtoto anatoka kwa njia yake. Ya pili, daktari anaulegeza mlango wa uzazi na kumtoa kwa vifaa, wewe ukiwa hujisikii. Ni njia nzuri, lakini inataka mkono uliozoea, na hapa mkono huo hatuna. Ya tatu ni kisu."

"Na kovu langu?"

"Linaweza kuachia. Sitakudanganya. Lakini kwa mtu aliyepasuliwa mara moja, kwa mkato wa chini wa kulala kama wako, hutokea kwa nadra sana. Ukitumia vidonge lazima uangaliwe, dawa isikimbizwe, na chumba cha upasuaji kiwe tayari. Kisu nacho kina hatari zake. Damu. Kidonda. Na kovu la pili litakalokungoja ukibeba mimba nyingine."

"Kidonda nakijua. Mbona hamkuniambia haya?"

Daktari kijana aliona haya, akaanza kuviringisha chembe za mkate mezani. "Nilitaka kusema. Daktari mkuu akasema mume ameshajibu." Akapunguza sauti. "Kabla sijaja hapa, kuna mama mwenye kovu alipewa vidonge, akazidishiwa, akaachwa peke yake. Alichanika. Alifia mikononi mwa mzee. Tangu siku hiyo hapa mwenye kovu haachwi apate uchungu. Haijaandikwa popote, lakini ndivyo tunavyofanya."

Msusi alimwonea huruma yule mzee mwenye mikono misafi. Huruma hiyo haikumbadilisha. "Mungu amrehemu yule mama," alisema. "Lakini mimi siye. Ijumaa nitamwambia daktari mwenyewe. Utakuwepo?"

"Nitakuwepo," daktari kijana alijibu, kwa sauti ndogo ambayo haikumridhisha hata yeye.

Ijumaa nesi alimpa gauni la hospitali, la kufungwa nyuma, ambalo kamba moja ilikuwa imekatika. Msusi alilikunja vizuri, akaliweka kando yake kwenye benchi la mlango wa chumba cha upasuaji, akabaki na gauni lake la nyumbani. Fundi alisimama karibu naye. Mama mkwe alikuwa amekuja bila kuitwa, amefunga kilemba chake cha kutokea.

"Kovu, vaa."

"Sivai. Na siitwi Kovu."

Nesi aliweka mikono kiunoni. "Haya, bibie, nikuite nani?"

"Niite mama. Kama unavyowaita wale wa kusukuma."

Nesi akaenda kumwita mkubwa wake. Daktari mkuu alitoka na viatu vya mpira na kofia ya kijani.

"Mama, unanichelewesha."

"Naomba vidonge, daktari. Na mtu wa kukaa nami."

"Nani amekujaza maneno haya?"

Daktari kijana alikuwa ameegemea ukuta kana kwamba angeweza kuingia ndani yake. "Mimi," alisema. Hakusikika. Akajitenga na ukuta. "Ni mimi, daktari. Aliniuliza, nikamjibu."

Mzee hakumgeukia. "Ukichanika, mama, nani atajibu?"

"Na kidonda kilipotoa usaha, nani alijibu? Hakuna aliyekuja nyumbani kuniuliza. Nilijibu mwenyewe, nikiwa chali." Akalisogeza lile gauni lililokunjwa mbali naye. "Mtoto huyu siendi naye nyumbani. Nimelikubali hilo. Halafu nirudi nyumbani na mkato mwingine badala yake, kwa sababu nyinyi mnaogopa? Sikubali."

"Mumeo alikubali." Daktari alimgeukia Fundi, kwa upole wa mwanamume anayemtafuta mwenzake. "Baba, mwambie mkeo. Wewe jambo hili unalielewa."

Watu wa benchi la pili walikuwa wameacha mazungumzo yao. Mama mkwe alimvuta mwanawe shati, na hakuna aliyejua kama alimvuta aseme au anyamaze. Hata yeye hakujua. Fundi alivua kofia.

"Daktari, mimi nilisema fungueni," alisema. "Nilisema mambo ya vitambaa. Mimi vitambaa ndivyo ninavyovijua, huko kwingine nilikuwa naogopa tu. Bado naogopa. Lakini lile swali ulilouliza halikuwa langu. Muulize yeye."

"Nakuuliza wewe."

"Na mimi hilo ndilo jibu langu. Muulize yeye."

"Si umuulize tu, daktari," mama mkwe alidakia ghafla. "Mtu mwenyewe yupo hapo, hajalala wala hajazimia. Kuna shida gani?"

Mtu mmoja kwenye benchi la pili aliguna kwa kicheko. Daktari mkuu alivua kofia yake, akabaki ameishika. Machoni pake alikuwepo yule mama mwingine, ambaye alimwona kila mara mwanamke mwenye kovu alipopanda kitandani, na kwa miaka yote hiyo aliamini kwamba kisu ndicho kinachomlinda asimwone tena.

"Unajua kwamba unaweza kufa?" alimuuliza Msusi. Lilikuwa swali la kwanza alilomuuliza kwa kutaka jibu lake.

"Najua. Kwa kisu pia naweza."

"Ukisikia maumivu yasiyoachia, hata kidogo, hujikazi. Unasema."

"Nitapiga kelele. Ulizia mtaani kwetu kama sina sauti."

Mzee alikaribia kutabasamu. "Sina nesi wa kukaa na mgonjwa mmoja."

"Nitakaa mimi," daktari kijana alisema, na safari hii wote walimsikia.

"Na mimi," mama mkwe alisema. "Kukaa hakusomewi."

Daktari mkuu alimwambia nesi chumba cha upasuaji kibaki tayari na damu iwekwe karibu. Alipofika mlangoni aligeuka. "Na mimi siendi nyumbani," alisema, kama mtu anayetoa onyo.

Vidonge vilianza siku hiyo hiyo, kidogo kidogo. Uchungu wenyewe ulikuja kesho yake baada ya saa sita mchana, na ulikuja kama mtu anayedai deni lake. Daktari kijana hakuondoka kitandani. Daktari mkuu aliingia mara kwa mara kutafuta miwani yake, ambayo ilikuwa usoni. Kila alipoingia aliweka mkono juu ya kovu, akasikiliza kwa kiganja, akatoka.

Mama mkwe alimshika Msusi mguu. Hakuziba pua. Damu ilimrukia kwenye kilemba cha kutokea na hakukigusa.

"Huu unauma, mama," Msusi alisema kati ya uchungu mmoja na mwingine. "Kweli huu nao ni uchungu?"

"Ndio wenyewe, mwanangu. Hakuna mwingine." Akamfuta jasho kwa upande wa mkono. "Ule wa kidonda nao ulikuwa uchungu. Nilikosa adabu siku ile. Sasa sukuma, nitakuomba radhi vizuri baadaye."

Msusi alitaka kucheka, na katikati ya kutaka kucheka mwili ukamchukua, akasukuma.

Mtoto alikuwa wa kiume, mdogo kiasi cha kutosha katika viganja viwili. Hakulia. Nesi alimfunika kichwa kwa kitambaa laini kabla ya kumleta, akainama kitandani. "Ko—" alianza, akajikatiza. "Mama. Umemaliza. Unataka kumwona?"

Alimwona. Alikuwa na kucha. Alikuwa na masikio ya Fundi, yale yanayochomoza kama yanataka kusikia kila kitu. Msusi alimshika mpaka aliporidhika, na hakuna aliyemharakisha.

Fundi aliitwa kutoka nje, akaja na kifurushi kwapani. Ilikuwa mahameli ya kijani. Alikuwa ameishona usiku uliopita kuwa mfuko mdogo wa kumlaza mtoto, wenye sponji ndani, mishono yote akaificha upande wa chini, kama anavyofanya kwa kazi ya mtu anayemheshimu. Mkewe aliutazama mfuko, kisha akamtazama yeye.

"Ndiyo kochi letu hilo," alisema.

"Ndiyo hilo," Fundi alisema, na safari hii alilia mbele ya mama yake.

Daktari mkuu alikuja mara ya mwisho, akabonyeza kovu, akasubiri, akabonyeza tena. "Limeshika," alisema. Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na Msusi, ambaye alikuwa amechoka hata kupepesa macho, alimshika yule mzee mkono msafi, akauachia.

Siku ya kuondoka walipita kwenye lile benchi la vipimo. Mlango ulifunguka, na nesi mwingine, ambaye hakuwepo siku zile, akachungulia.

"Kovu!"

Msichana mwenye mimba kubwa aliinuka, mkoba kifuani. Msusi alimshika kiwiko.

"Dada, wakikwambia wameshaongea na mumeo, waambie na wewe unaongea."

"We mama, unamwambia nini mgonjwa wangu?" nesi alifoka.

"Namsalimia," Msusi alijibu, akaendelea na safari yake polepole, mumewe upande mmoja, mama mkwe upande wa pili.

Mwenye duka ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza aliporudi kazini. Alikuwa amefunga kichwa kwa leso muda wote huo, na alipoifungua, ile nusu iliyosukwa ilikuwa imechakaa na ile nusu nyingine imesimama kama imeona simba.

"Mtindo mpya," alinung'unika. "Watoto wananifuata barabarani." Akakaa chini, katikati ya magoti ya Msusi. Alijitahidi kunyamaza. Alijitahidi sana, hadi Msusi alipomaliza mstari wa kwanza.

"Eti," alisema kwa mnong'ono uliofika mpaka kwa jirani wa tatu, "ni kweli wamekupakua tena?"

Nyundo ya Fundi ilisimama hewani. Mama mkwe, aliyekuwa akikunja nguo mlangoni, alinyanyua kichwa na kuvuta pumzi ya kutoa jibu, kisha akamtazama mkwewe, akaachia pumzi bila neno. Mwenye duka alitaka kugeuka aone uso wa Msusi, lakini nywele zake zilikuwa mkononi mwa mwenye kazi, na mkono huo haukulegea.

"Tulia," Msusi alisema. Hakunong'ona. "Sikupakuliwa. Nimezaa. Mtoto wa kiume, masikio ya baba yake. Hakuishi, na tulijua hataishi. Walitaka kunipasua, nikawakatalia, nikamzaa mwenyewe kwa uchungu wangu, na mama huyu hapa alinishika mguu. Haya. Uliza kingine."

Barabarani mtu alikuwa akipita na baiskeli. Hata yeye alipunguza mwendo. Mwenye duka alitafuta swali, akalikosa.

"Sina," alisema.

"Basi inamisha kichwa."